Kuipima Athari ya Takete na Maluma kwa Wazungumzaji wa Kiswahili: Masuala ya Vichocheo na Takwimu katika Mazingira ya Tunduma, Songwe

Ikisiri

Athari ya takete na maluma ni mwelekeo wa watu kulihusisha neno lisilo na maana lenye sauti kama [t] na [k] na umbo lenye ncha, na lenye sauti kama [m] na [l] na umbo la mviringo. Ni miongoni mwa matokeo ya saikolojia ya majaribio yanayotumika mara kwa mara kupinga dai kwamba uhusiano wa sauti na maana ni wa nasibu tupu. Makala hii inafafanua namna athari hiyo inavyoweza kupimwa kitakwimu miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili na lugha jirani katika mji wa Tunduma na Mkoa wa Songwe. Hoja yake ni mbili. Kwanza, vichocheo vya kawaida vya jaribio hili si maneno matupu kwa mzungumzaji wa Kiswahili. Vimebeba maana za kileksika na viambishi vya ngeli vinavyoweza kuikuza au kuifuta athari inayotafutwa. Pili, hesabu inayotumika mara nyingi kuthibitisha athari hii huvunja sharti la uhuru wa majibu, na kwa hiyo hutoa uhakika ambao data hazina. Makala inapendekeza usanifu wa jaribio unaozingatia mambo yote mawili.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu wa Afrika Mashariki hukutana mapema na fasili inayosema kwamba lugha ni mfumo wa sauti za nasibu. Neno nasibu katika fasili hiyo lina asili katika mafundisho ya Ferdinand de Saussure: hakuna sababu ya kimaumbile inayoifanya sauti ya neno *nyumba* iashirie nyumba. Hata hivyo, mwanafunzi huyohuyo hufundishwa katika somo jingine kwamba tanakali za sauti huiga kinachotajwa, na katika uhakiki wa ushairi huambiwa kwamba mrundikano wa [k] na [t] katika ubeti huleta hisia ya ukali. Mafundisho haya yanavutana, na mara nyingi yote hukubaliwa bila kupimwa.

Msamiati wenyewe hautoi jibu. Anayetaka kuonyesha kwamba sauti hufuata umbo atataja *bonge*, *donge* na *boga* kwa upande wa mviringo, na *kisu*, *mkuki* na *-kali* kwa upande wa ncha. Anayepinga atamwonyesha *tikiti*, tunda la mviringo lililojaa [t] na [k], kisha amwonyeshe *mwiba* na *wembe*, vitu vikali vyenye sauti laini kuliko vyote vilivyotajwa. Orodha za mifano iliyochaguliwa haziwezi kumaliza ubishi huu kwa sababu kila upande huchagua inayoufaa. Kinachohitajika ni jaribio ambalo matokeo yake yangeweza kumkatalia mtafiti, na kipimo kinachoeleza ni kwa kiasi gani bahati peke yake ingeweza kuyazaa matokeo hayo.

2.0 Athari yenyewe na nafasi ya Tanzania katika historia yake

Wolfgang Köhler alitumia maneno *takete* na *baluma* katika kitabu chake cha mwaka 1929 kuhusu saikolojia ya Gestalt, akimtaka msomaji ayalinganishe na michoro miwili, mmoja wa pembe kali na mwingine wa mikunjo ya mviringo. Katika toleo la 1947, *baluma* liligeuka kuwa *maluma*. Badiliko hilo lina somo la kimbinu: *baluma* linakaribiana mno kwa sauti na neno la puto katika Kiingereza na Kijerumani, na puto ni la mviringo. Edward Sapir naye, mwaka huohuo wa 1929, aliripoti kwamba wazungumzaji wa Kiingereza walilihusisha neno bandia *mal* na kitu kikubwa na *mil* na kitu kidogo. Mwaka 2001 V. S. Ramachandran na Edward Hubbard waliipa athari hii umaarufu mpya kwa maneno *bouba* na *kiki*, wakitaja kiwango cha ulinganifu cha asilimia 95.

Tanzania haikuwa pembeni ya historia hii. Mwaka 1961 R. Davis alichapisha katika jarida la saikolojia la Uingereza utafiti uliowalinganisha watoto wa rasi ya Mahali, kando ya Ziwa Tanganyika, na watoto wa Kiingereza, akitumia *takete* na *uloomu*. Makundi yote mawili yalielekea upande mmoja. Utafiti huo umeendelea kutajwa kama ushahidi kwamba athari haitegemei utamaduni wa Ulaya. Miaka ya karibuni, Aleksandra Ćwiek na wenzake (2022) waliwapima watu 917 wa lugha 25, wakapata kwa jumla ulinganifu wa takriban asilimia 72. Kizulu kiliwakilisha Kibantu katika sampuli hiyo; Kiswahili hakikuwamo.

Matokeo hayakuwa ya namna moja kila mahali. Suzy Styles na Lauren Gawne (2017), baada ya kushindwa kuipata athari kwa wazungumzaji wa Kisyuba nchini Nepal, walitoa hoja kwamba jaribio huelekea kushindwa pale ambapo maneno bandia hayaafiki fonolojia ya lugha ya watafitiwa. Hoja hiyo ndiyo mlango wa kuingilia katika suala la Kiswahili, ingawa kwa Kiswahili tatizo ni la kinyume: maneno hayo yanaafiki fonolojia vizuri kupita kiasi.

3.0 Vichocheo si maneno matupu

Silabi za *takete*, *maluma* na *kiki* ni wazi na zinakubalika kabisa katika Kiswahili. Kwa sababu hiyo msikilizaji hazisikii kama kelele ngeni; anazichanganua kama neno. Uchanganuzi huo huleta athari za aina mbili.

3.1 Maana za kileksika

Katika *takete* inasikika *kete*, ambayo kwa mcheza bao ni mbegu ya mviringo. Katika *maluma* inasikika *uma*, ambayo ikiwa kitenzi ni kung'ata au kuchoma, na ikiwa nomino ni kifaa cha meza chenye meno. Mzizi huohuo una umbo *-luma* katika Kichewa, lugha ya Malawi inayopakana na Wilaya ya Ileje. Maana yake ni kwamba maneno mawili ya Köhler, yakisikika kwa sikio la Kiswahili, yanaweza kuvutana na athari inayotafutwa: lenye sauti kali linaita kitu cha mviringo, na lenye sauti laini linaita kitu chenye ncha. Jozi ya Ramachandran na Hubbard haina afadhali. *Buba* ni ugonjwa wa ngozi wenye vidonda vya kuvimba, na *kiki* katika Kiswahili cha mitaani cha Tanzania ni mbinu ya kujitafutia umaarufu.

Tusikimbilie kusema kwamba maana hizi lazima zitawale majibu. Inawezekana msikilizaji asiziwazie kabisa. Lakini mtafiti asiyezidhibiti hawezi kuyafasiri matokeo yake: akiikosa athari, hatajua kama haipo au imefutwa na *kete* na *uma*.

3.2 Viambishi vya ngeli

Tatizo la pili ni la kimofolojia, nalo ni zito zaidi. Katika Kiswahili *ki-* hudunisha na *ji-* hukuza: *kitoto*, *jitoto*, *kijitu*, *jitu*. Neno *kiki* kwa hiyo linaanza na kiambishi cha udogo. *Ma-* ya *maluma* ni kiambishi cha wingi kinachoambatana pia na ukubwa na mkusanyiko, na *u-* ya *uloomu* inakumbusha nomino za vitu vyembamba na virefu, kama *ufagio*, *ulimi* na *uzi*. Ikiwa mtafitiwa atalichagulia *kiki* umbo lenye vipembe vidogovidogo, hatujui kama amefuata ukali wa [k] na wembamba wa [i], au amefuata sarufi ya ngeli aliyojifunza utotoni. La kwanza lingekuwa ushahidi dhidi ya unasibu. La pili ni unasibu wenyewe ukifanya kazi yake, kwani uhusiano wa *ki-* na udogo ni kanuni ya lugha hii mahususi.

4.0 Kwa nini Tunduma

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kutokana na Mkoa wa Mbeya, makao makuu yake yakiwa Vwawa. Una wilaya za Ileje, Mbozi, Momba na Songwe, na mji wa Tunduma umekaa mpakani ukitazamana na Nakonde ya Zambia, penye njia kuu ya malori na reli ya TAZARA. Katika mkoa huu na pembezoni mwake husikika Kinyamwanga, Kinyiha, Kindali, Kimalila, Kisafwa, Kiwanda na Kibungu, na Kiswahili kikiwa lugha ya shule, soko na ofisi.

Thamani ya mahali hapa kwa jaribio letu haitokani na wingi wa lugha peke yake. Inatokana na mambo mawili. La kwanza ni kwamba Kinyamwanga kinazungumzwa pande zote mbili za mpaka, lakini shule za upande wa Tanzania hutumia Kiswahili, ilhali upande wa Zambia Kiingereza na Kibemba ndivyo vyenye nafasi hiyo. Tunapata hivyo watu wenye lugha ya kwanza moja waliotenganishwa na lugha ya shule. La pili ni kwamba lugha nyingi za ukanda huu, Kinyiha na Kibemba zikiwamo, hudunisha kwa *ka-* na wingi wake *tu-*, si kwa *ki-*. Mtu aliyekulia katika Kiswahili na mtu aliyekulia katika lugha hizo wanatarajiwa kutofautiana katika *kiki* endapo chanzo ni ngeli, na kufanana endapo chanzo ni sauti.

Fonolojia nayo inaelekeza uchaguzi wa sauti. Katika Kibemba, kwa mfano, [b] ya kupasua hupatikana baada ya nazali, na kwingineko huwa kikwamizo. [D] na [g] pia hufuata nazali. Wasemaji wengi wa ukanda huu hawazitenganishi [l] na [r] wanapozungumza Kiswahili. Ni salama zaidi kuziacha sauti hizo na kujenga jozi kwa [p], [t], [k] upande mmoja, na [m], [n], [l] upande mwingine, kwani zote zinapatikana bila taabu katika lugha zinazohusika. Urefu wa irabu, kama ule wa *uloomu*, uachwe, maana baadhi ya lugha huutumia kutofautisha maana na Kiswahili hakiutumii hivyo.

5.0 Usanifu unaopendekezwa

Jaribio liwe na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza itumie jozi nyingi za maneno yasiyoanza na kiambishi cha ngeli kinachotambulika, mfano *tikepe* na *lonomu*. Kila neno lipitiwe kwanza na wazungumzaji wa kila lugha ambao hawatashiriki jaribio, na lile litakalomkumbusha yeyote neno halisi liondolewe.

Sehemu ya pili iitenganishe sauti na ngeli kwa kuzipandanisha. Tukichukua mizizi bandia *-kepe* na *-lomu*, tunapata *kikepe*, *jikepe*, *kilomu* na *jilomu*. Mtafitiwa aulizwe maswali mawili katika nyakati tofauti: umbo (lenye ncha au la mviringo) na ukubwa (dogo au kubwa). Utabiri uko wazi. Iwapo sauti ndiyo inayoongoza umbo, *kikepe* na *jikepe* vitaelekea kwenye ncha bila kujali kiambishi. Iwapo ngeli ndiyo inayoongoza, *ki-* itatawala swali la ukubwa na pengine kuvuja hadi swali la umbo. Michoro katika swali la umbo lazima ilingane kwa eneo, vinginevyo ukubwa utaingia kwa mlango wa nyuma.

Maneno yatolewe kwa sauti iliyorekodiwa. Mtafiti anayeyatamka mwenyewe huonyesha midomo iliyoviringwa anapotamka [o] na [u], na mtafitiwa anaweza kuulinganisha mviringo wa midomo na mchoro. Maandishi yaepukwe kwa sababu kama hiyo: herufi *k* ina pembe na herufi *o* ni duara, na Christine Cuskley na wenzake (2017) wameonyesha kwamba umbo la herufi huchangia majibu ya wasomaji. Inafaa pia kuwashirikisha watu wasiojua kusoma na kurekodi kiwango cha elimu cha kila mmoja. Upande wa mchoro na mfuatano wa maneno vibadilishwe kwa bahati nasibu. Kwa kuwa sampuli inavuka mpaka, kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) hakitoshi peke yake. Mamlaka za Zambia nazo zihusishwe.

6.0 Kutoka majibu hadi takwimu

6.1 Jaribio la bainomia

Nadharia tete kanushi inasema kwamba mtafitiwa huchagua kama anayerusha sarafu: uwezekano wa jibu linganifu ni 0.5. Tuchukue mfano wa kubuni wa watu 20, kila mmoja akitoa jibu moja, na 15 kati yao wakatoa jibu linganifu. Njia za kupata 15 au zaidi ni 21,700 kati ya 1,048,576, yaani uwezekano wa 0.021, kwa kuhesabu pande zote mbili ni 0.041. Kwa kigezo cha kawaida cha 0.05, nadharia tete kanushi inakataliwa. Wangekuwa 14, uwezekano wa pande mbili ungekuwa 0.115, na isingekataliwa.

Mifano hii miwili inatoa onyo. Tuseme 15 walikuwa wa Tunduma na 14 wa Nakonde. Ni rahisi kuandika kwamba athari ipo Tunduma na haipo Nakonde, ilhali tofauti yote ni mtu mmoja. Viwango vya uhakika vya asilimia 95 (kwa njia ya Wilson) ni takriban asilimia 53 hadi 89 kwa kundi la kwanza na 48 hadi 85 kwa la pili. Vinapishana karibu kikamilifu. Dai kwamba makundi yanatofautiana linahitaji kipimo cha tofauti yenyewe. Kutokataa nadharia tete kanushi si sawa na kuithibitisha.

6.2 Uhuru wa majibu

Hesabu ya hapo juu ina sharti: kila jibu lisitegemee jingine. Sharti hili huvunjwa kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuhesabu jibu moja mara mbili. Mtu akipewa maneno mawili na michoro miwili, akishalipa *takete* mchoro mmoja, mchoro wa *maluma* umejichagua. Mtafiti anayeandika majibu mawili huwageuza 14 kati ya 20 kuwa 28 kati ya 40, na uwezekano unashuka kutoka 0.115 hadi takriban 0.017. Hakuna taarifa mpya iliyoongezwa; hesabu pekee ndiyo iliyobadilika.

Njia ya pili ni majibu ya kundi. Mazingira ya mpakani yanashawishi kufanya hivyo: madereva wanaosubiri taratibu za forodha hukaa pamoja, na kibanda cha mama lishe hukusanya watu kumi kwa mara moja. Tuseme watu 40 wamehojiwa katika makundi manne, na katika kila kundi wote wamemfuata aliyejibu kwanza. Matokeo ya 40 kwa 40 yangeonekana ya kustaajabisha, lakini taarifa iliyomo ni ya watu wanne, na wanne wote kutoa jibu linganifu kwa bahati kuna uwezekano wa 1 kwa 16, yaani 0.0625. Kila mtafitiwa ahojiwe peke yake, mahali ambapo wenzake hawamsikii.

Njia ya tatu ni kuyasahau maneno. Herbert Clark alionya mwaka 1973 kwamba watafiti wa lugha huwachukulia watu kama sampuli lakini huyachukulia maneno kana kwamba ndiyo yote yaliyopo. Jozi moja ikitumika kwa watu 200, tunachoweza kujumuisha ni watu. Kuhusu sauti kwa jumla hatujajifunza zaidi ya jozi ile. Ndiyo maana sehemu ya kwanza inadai jozi nyingi. Uchanganuzi unaofaa ni modeli ya lojistiki yenye athari mseto, ambamo watu na maneno vyote huingizwa kama vyanzo vya tofauti za nasibu, na lugha ya kwanza, lugha ya shule, aina ya sauti na kiambishi huingizwa kama vigezo vinavyochunguzwa. Swali la Tunduma na Nakonde hujibiwa na mwingiliano wa lugha ya shule na kiambishi, si kwa kulinganisha majaribio mawili yaliyofanywa kando kando.

6.3 Ukubwa wa sampuli na wingi wa vipimo

Ukubwa wa sampuli ukadiriwe kabla ya kwenda uwandani. Ikiwa kiwango cha kweli ni asilimia 72, watu wapatao 40 wenye jibu mojamoja wanatosha kuigundua athari kwa uwezekano wa asilimia 80. Kikiwa asilimia 60, wanahitajika karibu 200. Kwa kuwa tuna sababu ya kutarajia kwamba kete na uma vinaweza kuipunguza athari ya jozi za kimapokeo, sampuli ndogo ingekuwa kamari. Kulinganisha makundi hudai watu wengi zaidi.

Aidha, anayefanya kipimo kimoja kwa kila moja ya lugha saba zilizotajwa, kwa kigezo cha 0.05, ana uwezekano wa takriban asilimia 30 wa kupata angalau "ugunduzi" mmoja wa uongo, hata kama athari haipo popote na vipimo havitegemeani. Nadharia tete, mwelekeo wa kipimo na kanuni ya kusimamisha ukusanyaji wa data viandikwe na kuwekwa hadharani kabla ya mtafitiwa wa kwanza kuhojiwa.

7.0 Maana ya matokeo kwa isimu na uhakiki

Matokeo ya namna yoyote yatakuwa na faida. Iwapo athari itaonekana katika maneno yasiyo na kiambishi, na kubaki pale *ki-* na *ji-* zinapopandanishwa na sauti, basi fasili ya lugha kama mfumo wa sauti za nasibu itahitaji kuongezewa sharti: unasibu ndio kanuni ya msamiati, lakini msikilizaji ana mielekeo ya kihisi ambayo lugha inaweza kuitumia au kuiacha. *Tikiti* na *mwiba* havitakuwa tena pingamizi, kwa kuwa athari haidai kwamba kila neno hufuata umbo la kitu chake. Iwapo athari itayeyuka baada ya ngeli kudhibitiwa, tutakuwa na sababu ya kuutazama upya utafiti wa 1961 na kuuliza kama *u-* ya *uloomu* ilikuwa na mkono katika majibu ya watoto wa Mahali.

Kwa mhakiki wa fasihi, matokeo yatatoa mpaka wa dai. Athari ya maneno bandia hupimwa katika hali ambayo maana imeondolewa. Katika ubeti, maana ipo na ina nguvu. Hata asilimia 72 ya majibu linganifu haimruhusu mhakiki kusema kwamba [k] ni kali popote inapotokea. Inamruhusu kusema kwamba, pale maana inapoelekea ukali, sauti inaweza kuunga mkono, na dai hilo nalo linaweza kupimwa.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kuipima athari ya takete na maluma katika Kiswahili si kazi ya kuhamisha maneno na michoro kutoka maabara moja hadi nyingine. *Takete*, *maluma*, *buba* na *kiki* vina historia katika masikio ya Waswahili, na ngeli hugeuza silabi ya kwanza kuwa taarifa. Tunduma na Nakonde vinatoa fursa adimu ya kutenganisha lugha ya kwanza na lugha ya shule, mradi kila mtu ajibu peke yake, kila jibu lihesabiwe mara moja, na maneno yawe mengi ya kutosha kuwa sampuli. Kazi ya kwanza kwa atakayelichukua pendekezo hili ni kuandaa orodha ya maneno bandia iliyopitiwa na wazungumzaji wa Kinyamwanga, Kinyiha, Kibemba na Kiswahili. Orodha hiyo ikichapishwa itawafaa hata watafiti wa athari nyingine za utambuzi wa sauti, ambao hadi sasa hulazimika kuazima vichocheo vilivyobuniwa kwa masikio ya wengine.